Tiketi Yenye Tundu

Mtu huyu aliingia kwa Kinyozi siku ya Jumanne asubuhi bila nywele za kunyoa. Alikuja na masikio yake mawili, ambayo ndiyo yalikuwa mtaji wake tangu ujana, akakaa kwenye benchi la wanaongoja, akafunua gazeti la wiki iliyopita na kuanza kazi.

Wakati huo alikuwa hajawa Bwana Ratiba. Katika mji aliotoka, kule mwisho wa reli, alikuwa Wakala wa Bima ya Mvua. Aliwauzia watu wa soko zima karatasi zenye muhuri, kwamba mvua ikiharibu bidhaa zao watalipwa. Jioni aliyoondoka mvua ilianza kunyesha, ikanyesha wiki mbili. Jina alilopewa na mama yake alikuwa nalo bado, lakini alilitunza kama watu wanavyotunza sahani za wageni.

Kwenye kiti cha kunyolewa alikaa Baba Mageti. Huyu alikuwa na nyumba sita za kupangisha, na kila nyumba ilikuwa na geti la chuma linalong'aa. Maji hayakuwamo, lakini geti lilikuwapo.

"Shemeji yangu kapanda ndege," Baba Mageti alikuwa akisema, kitambaa kimemkaba shingo. "Kanitumia picha kumi na moja. Ya kumi na moja ni ya sahani tupu. Ameshakula, anataka nione."

"Na wewe panda," Kinyozi akasema.

"Nauli ya ndege unaijua wewe? Halafu huko juu unaona nini? Mawingu. Mawingu hata hapa yapo, tena ya bure."

"Basi panda treni. Nenda mpaka mwisho wa reli. Utampelekea shemeji picha mia, na milima ndani."

"Siku tatu kwenye benchi la mbao? Na mgongo huu?"

"Siku nne," ilisema sauti kutoka pembeni. Alikuwa Mwalimu Mstaafu, ambaye alifundisha jiografia miaka thelathini bila kuvuka mto wa pili. "Nchi yetu ni kubwa. Unapita nyanda, unapita ziwa, unapita jangwa dogo. Nimechora njia ile ubaoni mara mia tatu. Kuiona, sijaiona."

Kukawa kimya kidogo, kimya kile cha watu watatu wanaotaka kitu kimoja na hawataki kukilipia. Mtu wa benchini alikijua kimya hicho kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Akakunja gazeti.

"Samahani wazee wangu," akasema. "Sikupenda kusikiliza. Ila nikinyamaza, nitakuwa na dhambi."

Akawaeleza polepole, huku akitazama mlango kana kwamba nje kuna adui. Shirika la reli limeleta mabehewa mapya ya kulala. Vitanda vina magodoro, kuna chumba cha chakula chenye vitambaa vya meza, kuna maji ya moto na ya baridi. Kabla ya kuyatangaza, linataka yajaribiwe na vikundi vichache vya watu wenye heshima, kwa nusu ya nauli. Tiketi haziuzwi dirishani. Ukiuliza dirishani watakuambia hakuna kitu kama hicho.

"Hawajui?" Kinyozi aliuliza.

"Wanajua sana, kaka. Ndiyo maana watakuambia hakuna."

Baba Mageti aligeuza kichwa, na Kinyozi nusura amkate sikio. "Nusu ya nauli?"

"Nusu, mzee. Lakini naona nimesema mengi."

"Kaa, kaa. Kinyozi, mpe huyu ndugu chai."

Penye mlango wa kinyozi palikuwa na mwanamke amepiga magoti akipima pazia, midomo imejaa pini. Watu walimwita Mama Gadi, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa gadi wa treni kwa miaka ishirini na minane, yaani yule anayepuliza filimbi, anayepeperusha bendera na kutoboa tiketi za abiria. Miaka saba iliyopita gadi huyo aliugua akiwa kazini, akafia kule mwisho wa reli. Mafuriko yalikuwa yamekata daraja, hivyo wenzake wakamzika hukohuko. Mjane alipelekewa koleo lake la kutobolea tiketi, kofia yake, na picha moja ya kaburi iliyopigwa na mtu mwenye haraka. Ilionyesha zaidi kiatu cha mpiga picha. Kila mwaka alishona mapazia ili apate nauli, na kila mwaka nauli ilipanda kabla hajaifikia.

Mtu wa benchini aliona kilemba cheupe, kitabu cha sala kinachochungulia kwenye mkoba, na kinywa kisichosema neno. Akashukuru moyoni. Mweka hazina alikuwa amepatikana.

"Mimi fedha za watu sishiki," alisema kwa uchungu, mkono kifuani. "Ni nadhiri. Azishike mama huyu mcha Mungu. Na kwa kuwa mweka hazina hufanya kazi ya kamati, yeye asafiri bure. Nafasi yake naibeba mimi. Mmesikia wote?"

Walisikia wote. Mama Gadi alitoa pini moja moja mdomoni, akazichoma kwenye mto wake, pini tisa.

"Mpaka mwisho wa reli?" akauliza.

"Mpaka mwisho kabisa, mama. Treni haisimami popote njiani."

"Nafasi yangu unaibeba wewe."

"Naibeba."

"Haya," akasema, akarudi kwenye pazia.

Hivyo ndivyo kamati ilivyozaliwa, na ndivyo mtu yule alivyopata jina la Bwana Ratiba, maana tangu siku hiyo hakuonekana bila karatasi ya ratiba ya treni aliyoibandua kwenye ukuta wa stesheni. Kamati ilikutana sebuleni kwa Mwalimu, chini ya ramani iliyochanika kwenye kona ya jangwa. Kopo la biskuti, la bluu, lenye picha ya maua, lilikaa mapajani mwa Mama Gadi. Bwana Ratiba ndiye aliyelinunua. Alinunua mawili. La pili lilikuwa kwenye gesti alikopanga, chini ya kitanda, na ndani yake alikuwa ameweka kokoto za reli zilizofungwa kwenye gazeti, kwa uzito ule ule. Ndiyo ilikuwa kazi yake yote: kutoshika fedha siku zote hizo, na kushika kopo mara moja.

Mikutano ilikuwa mitamu kiasi cha kumchosha. Baba Mageti alitaka kujua kitanda chake kitakuwa upande gani, ili picha za ziwa asipige dhidi ya jua. Mwalimu alipanga somo fupi kwa kila mlima. Kinyozi aliuliza kama kwenye chumba cha chakula mtu anaweza kunyoa watu wawili watatu, arudishe gharama. Mama Gadi aliuliza machache, akayaandika kwenye daftari la mistari.

"Maji yanajazwa kituo gani?"

"Yamo tayari, mama. Ya siku nne."

"Na gadi hubadilishwa wapi?"

"Gadi ni mmoja. Kijana, ana nguvu."

"Siku nne halali," Mama Gadi alisema, akaandika. "Maskini kijana wa watu."

Kwenye mkutano wa tatu Baba Mageti alianza kunusa. Alisema ametoa fedha zake na hajaona hata karatasi. Bwana Ratiba alitabasamu tabasamu la mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo, akafungua bahasha, akagawa tiketi. Zilikuwa kadi ngumu za kijani, zimeandikwa Daraja la Kulala, zina namba, zina muhuri. Na kwenye kona ya kila kadi palikuwa na tundu la duara, safi, la kupendeza. Tundu hilo ndilo alilojivunia zaidi, kwa sababu tiketi zote alizowahi kushika maishani zilikuwa nalo.

Hapo panahitaji maelezo. Bwana Ratiba alikuwa amezunguka nchi kwa treni miaka kumi na mitano bila kununua tiketi hata moja. Alizisoma, alizichunguza, alizitumia, lakini zote aliziokota sakafuni, zimeshatupwa na wenyewe mwisho wa safari. Kwake yeye tiketi isiyo na tundu ilikuwa kama shati lisilo na tundu la kichwa.

Baba Mageti aliinusa kadi, akaridhika. Mwalimu aliitia ndani ya kamusi. Mama Gadi alipitisha kidole gumba juu ya kona, mara moja, kisha mara ya pili. Miaka ishirini na minane alikuwa ameosha shati lenye vijipande vya karatasi mfukoni, vile vinavyodondoka gadi akitoboa. Tiketi hutobolewa treni ikishaondoka, na gadi, mbele ya abiria. Iliyokwisha kutobolewa imekwisha safiri. Tena kila gadi hupewa koleo lenye umbo lake, ijulikane nani alipita. La mumewe lilitoa umbo la jani. Hili la duara lilitoka dukani, kwenye kitoboleo cha mafaili.

"Tundu safi," alisema.

"Asante, mama."

Alirudi nyumbani, akapiga magoti, akakaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi. Angepiga kelele, watu wangemkamata tapeli, Baba Mageti angechukua fedha zake na kwenda kupaka rangi mageti, na safari ingekufa. Kaburi lingebaki kiatu kwenye picha. Akinyamaza, atakuwa ameshika kopo la wizi. Alimweleza Mungu mambo yote mawili, akangoja. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mweka hazina, na watu wamempa fedha za kununulia tiketi. Hakuna aliyemkataza kununua tiketi.

Kesho yake alikwenda dirishani kuuliza nauli. Zile nusu za watu watatu zilitosha viti vitatu vya mbao vya daraja la tatu. Chake yeye hakikuwamo. Lakini chake kilikuwa na mtu aliyeahidi kukibeba mbele ya mashahidi.

Mkutano wa nne, Baba Mageti alianza tena. "Kiongozi, sisi tumetoa. Wewe mwenyewe ndani ya kopo umeweka nini?"

Bwana Ratiba alikuwa ameweka noti mbili, chambo cha kawaida. Alifungua mdomo, lakini Mama Gadi alitangulia, macho kwenye daftari.

"Mimi sijui uongozi," akasema. "Ila ningekuwa kiongozi, ningeweka sawa na hawa wote wakijumlishwa. Hapo Baba Mageti angelala usingizi."

"Ningelala," Baba Mageti akakubali. "Tena ningekoroma."

Bwana Ratiba alimtazama mjane yule kwa upendo wa kweli. Fedha iwekwayo kwenye kopo siku ya Alhamisi ingerudi kwake Jumatatu pamoja na ndugu zake, sasa kwa nini asikubali? Aliinama, akavua kiatu, akavua soksi, akatoa akiba yote ya Bima ya Mvua. Ilikuwa imechukua umbo la unyayo.

"Kwa ajili ya safari hii," alisema kwa sauti ya mtu anayezindua shule. "Yote. Itumike kwa safari."

"Umesema itumike kwa safari," Mama Gadi alirudia, akaandika, akamtaka atie sahihi. Akatia, kwa mapambo.

Jumatatu asubuhi kamati ilikuwa stesheni na mizigo kama inahama. Baba Mageti alivaa miwani ya jua ndani ya chumba cha kungojea. Treni ilikuwa imekwisha ingia, ya kahawia, yenye madirisha ya kunyanyua kwa mikono miwili.

"Kiongozi, mabehewa mapya yako wapi?"

"Yanaungwa mwisho kabisa, mzee, watu wasije wakagombea. Tuliza moyo." Mkoba wake ulikuwa begani, na ndani yake lilikuwamo kopo la kokoto, pamoja na mashuka mawili ya gesti ambayo mwenye gesti alikuwa bado hajajua kwamba yanasafiri.

"Kabla ya safari tuombe," Mama Gadi alisema. Akaliweka kopo kwenye benchi, kando yake, akafumba macho. Wote wakafumba. Na yeye alifumba kweli, kwa sababu alikuwa hamfanyii Mungu hila. Aliomba ulinzi wa njia, aliomba afya ya dereva, aliombea madaraja kwa majina yake. Akaombea na mwenye kuongoza msafara, kwamba apewe anachostahili. Alipofika amina, kiongozi hakuwapo, na kopo lilikuwapo.

Bwana Ratiba alikuwa nyuma ya ghala la vifurushi, amejibanza kati ya mapipa mawili, anacheka peke yake. Alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na mkate mzima, pakiti mbili za chumvi za kuongeza uzito, kadi tano za kijani ambazo mweka hazina alizikusanya asubuhi ili azitunze, na kijikaratasi cha daftari chenye maandishi makubwa ya mtu aliyejifunza kuandika kwa chaki: *Tiketi haitobolewi kabla ya safari.* Chini yake palikuwa na tiketi nyembamba, nyeupe, mpaka mwisho wa reli, daraja la tatu, ya leo. Haikuwa na tundu.

Aliigeuza mara nyingi. Alimimina chumvi yote chini, akakuta ni chumvi. Alitia mkono kwenye soksi kwa mazoea, akakuta mguu.

Kengele ya kuondoka ikagonga. Akachungulia. Kwenye lango la stesheni alisimama mwenye gesti, mwanamke mpana, mwavuli mkononi, akiwauliza wachukuzi kama wamemwona mtu mwenye mashuka. Mbele palikuwa na mji ambao hana hata senti ya chai. Huko mwisho wa reli kulikuwa na soko zima lililolowa. Lakini huko kulikuwa mbali siku nne, na mwavuli ulikuwa karibu.

Alirukia treni ikishaanza kutembea.

"Kiongozi huyu hapa," Mama Gadi alisema, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. "Nilijua hataacha tiketi yake. Nilimnunulia kwa fedha yake mwenyewe, alisema itumike kwa safari. Yangu pia. Asante sana, baba."

Baba Mageti alikuwa amesimama, hajakubali bado kukaa. "Kitanda changu?"

"Ulitoa nusu, Baba Mageti," Mama Gadi alimjibu kwa upole. "Hiyo ndiyo nusu. Kalia."

"Na vitambaa vya meza? Kiongozi!"

"Vimechelewa," Bwana Ratiba alisema kwa sauti isiyo yake.

"Mlima wa kwanza," Mwalimu alipaza sauti, uso umeshika dirisha, machozi yanamtoka. "Kinyozi, njoo uone. Upo. Upo kama nilivyouchora." Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumharibia furaha mzee wa miaka sabini, ugomvi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena kwenye ziwa, mpaka Baba Mageti akajikuta ana picha arobaini na hasira imepungua. Usiku Kinyozi alinyoa abiria saba.

Kabla ya hapo gadi alikuwa amepita, mtu mzima mwenye mvi. Alitoboa tiketi ya Bwana Ratiba, *ta*. Kijipande kidogo kikaanguka kwenye goti lake. Akakitazama.

"Sasa ndiyo tiketi," Mama Gadi akasema.

Kila kituo treni iliposimama, na ilisimama kila kituo, Bwana Ratiba alinyanyuka kushuka. Kila mara Baba Mageti alimshika shati. "Kiongozi, ulisema haisimami. Kaa unieleze hii ni nini." Siku ya nne, milima ya mwisho ilipotokea, alikuwa na rangi ya majivu.

"Mama," alinong'ona, "pale mwisho kuna watu nisingependa tuonane."

"Sitaki kujua," Mama Gadi alisema. Kisha akafungua mkoba, akatoa mtandio wake wa akiba, mpana, wa kahawia. "Nina mizigo. Na jembe nimelibeba, kuna kazi yake. Utaifanya?"

"Nitafanya yote, mama."

Hivyo ndivyo alivyoshuka mwisho wa reli, amejifunika gubigubi, kopo la kokoto mkononi na jembe begani. Wengine walibaki nyuma wakipiga picha milima, na langoni mwenye mkokoteni akawapokea wawili hao kwa adabu. "Shikamoo, mama. Shikamoo na wewe, mama mkubwa."

"Marahaba," Bwana Ratiba akaitika, kwa sauti nyembamba kama uzi.

"Lete jembe, mama mkubwa, usijichoshe. Mjihadhari mjini humu, kuna tapeli alituuzia bima ya mvua. Mimi nilipoteza magunia manne ya sukari. Nikimwona nitamjua hata gizani."

"Mungu atamleta," ilisema sauti nyembamba.

"Amina," akasema Mama Gadi.

Makaburi ya watu wa reli yalikuwa nyuma ya karakana, safu mbili, majani yamepanda mpaka magotini. Mama Gadi alilitambua la mumewe kwa ukuta uliokuwa nyuma ya kile kiatu cha kwenye picha. Mwenye mkokoteni akaondoka. Mama Gadi akamwonyesha Bwana Ratiba pa kuanzia. Alilima. Mtandio ulimwangukia machoni, malengelenge yakamtoka, akalima mpaka kaburi likaonekana lote. Kisha Mama Gadi akafungua kopo la pili, akazitoa zile kokoto kwenye gazeti, moja moja, na kuzipanga kuzunguka udongo. Zilitosha kamili, hakuna aliyezipima kwa kazi hiyo.

Alipomaliza alitoa koleo la marehemu. Akatoboa tiketi yake mwenyewe kwa mkono wa mumewe, pembeni mwa tundu la gadi yule mwingine, jani dogo kabisa, na kuifukia chini ya kokoto ya kichwani.

"Nimefika," akamwambia.

Nyuma yake jembe lilikuwa limenyamaza. Aligeuka. Bwana Ratiba alikuwa ameegemea mpini, mtandio umerudi nyuma, akiitazama ile safu nyingine ya makaburi yaliyojaa majani. Macho yake yalikuwa yakihesabu. Midomo ilikuwa ikijaribu maneno, polepole, kama mtu anayeonja chai: *Chama cha... cha Matunzo ya...*

"Magugu, baba," Mama Gadi alisema. "Tazama magugu."